Mkono Wako wa Kushoto

Ansab, Maskati
Jumatano, 26 Novemba 2025

Mpendwa Kaka Thabit,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakusalimu kutoka meza ile ile ya jikoni uliyoilalamikia ulipokuja mara ya mwisho, kwamba inayumba. Bado inayumba, na Hamood bado anasema kesho ataitilia kipande cha mbao. Kwa hiyo mwandiko ukiuona mbaya, sehemu ni meza. Vipi hali yako? Vipi baridi ya huko Lyon? Natumai wameshakutengenezea ile mashine ya joto na hulali tena na koti.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillah. Joto limeondoka, madirisha tunayafungua jioni, na bendera za sikukuu ya taifa bado zinapepea barabarani. Hamood amestaafu wizarani, mume yuko nyumbani kutwa, na sasa ananisimamia mimi jikoni kama alivyokuwa akiwasimamia makarani wake. Reem, mjukuu wangu, ameng'oka meno mawili ya mbele na anazunguka nyumba nzima akinguruma kama yule dubu wa katuni uliyemtilia sauti. Ukimwambia asafishe chumba, anakujibu kwa Kifaransa cha dubu.

Kaka, kwa kawaida mimi na wewe tunaulizana hali mbio mbio, mmoja anasema alhamdulillah kabla mwenzake hajamaliza kuuliza, kisha tunaingia kwenye maneno. Leo naomba usifanye hivyo. Nimekuuliza hali yako, na nataka unijibu. Nina khofu, na sijui njia nyingine ya kulisema hili ila kulisema hivyo hivyo.

Kwanza nikupe habari za Mama, maana ndizo zilizolifikisha jambo hapa lilipo. Macho yake yote mawili yameshapasuliwa mtoto wa jicho, na daktari kafanya kazi nzuri mno. Siku aliyofunguliwa bandeji aliniangalia, akaniuliza, "Khole, umezeeka lini hivi?" Tangu hapo hatuna raha. Anaona vumbi juu ya panga la feni. Anaona kama mchele haukuchaguliwa vizuri. Umri wake unakaribia tisini, na hakuna kitu humu ndani kinachompita.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu hiyo hiyo. Simu yangu inashikwa na kila mtu, na Mama sasa anasoma ujumbe mwenyewe bila miwani. Mwanangu Wael anakuja Paris kikazi Jumamosi, na nimemwambia asirudi bila ya kupanda treni mpaka kwako akutie barua hii mkononi. Usimlaumu akikutazama sana. Mimi ndiye niliyemtuma akutazame.

Sasa nianze mbali kidogo, univumilie. Wewe kazi yako umeiishi upande wa huko, mbele ya kamera. Mimi nimeiishi upande wa huku, nimekaa kwenye zulia, Mama ubavuni mwangu. Unakumbuka ile kanda ya kwanza uliyotuletea, tukiwa bado tunakaa Sib? Ukoo mzima ulikuja. Watu walitandikiwa mpaka uani, kahawa na halua vikapita, na filamu ikaanza, nasi tukangoja, tukangoja, mpaka ukatokea umevaa aproni nyeupe, ukaweka vikombe viwili mezani, ukaondoka. Marehemu mjomba akauliza, "Ndo basi?" Mama alikuwa analia. Tukairudisha kanda nyuma na wewe ukaviweka vikombe tena, na tena, mpaka kanda ikaanza kukwaruza.

Tangu hapo umekuwa dereva wa teksi, mwizi wa magari, polisi, polisi mkubwa mwenye masharubu, daktari anayetoka chumba cha upasuaji akitikisa kichwa, mpishi wa meli, jaji, mlevi, na mfalme wa zamani uliyepewa sentensi moja tu ukaisema umegeuza kichwa. Jina lako huwa linapita mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, watu wameshainuka kutafuta viatu vyao. Ulinichekesha uliponiambia kuna mtu sokoni huko aliyekushika bega na kuapa kwamba wewe ndiye fundi uliyemtengenezea bomba. Uso wako wanaujua wote, ila hawajui wameuona wapi.

Mama hakujifunza Kifaransa. Aliolewa Bujumbura akitokea Unguja, akauza vitambaa na Baba miaka yote ile kwa Kiswahili chake, na Kifaransa akatuachia sisi tuliokwenda shule ya masista na mapadri. Basi mimi nikawa mfasiri. Na wewe mwenyewe ndiye uliyenipa ruhusa, ulipopewa ile kazi ya mlevi. Uliniambia kwenye simu, msimulie Mama utakavyo, mradi asiniapize. Nikamsimulia. Mlevi akawa anaumwa jino. Mwizi wa magari akawa analitafuta gari lake mwenyewe lililoibiwa. Ulipokuwa padri katika ile tamthilia ndefu ya kijijini nikamwambia ni kadhi wa kwao, wanavaa majoho meusi. Na ulipokufa, maana waongozaji wa huko wanapenda kukuua kabla filamu haijafika nusu, nikawa namwambia umesafiri. Mama anasema, "Allah amfikishe salama," anaomba chai.

Kwa hiyo nakujua, Kaka. Pengine nimekutazama kuliko hata marehemu wifi Solange, Mungu amrehemu, maana yeye alikuona ukiwa wewe, na mimi nimekuona ukiwa watu wote hao. Jaji wako anashuka ngazi kwa kisigino. Polisi wako anatangulia kwa kifua. Dereva wa teksi alikuwa na namna ya kutafuna ambayo sijaiona tena kwa mwengine. Hujawahi kumpa mmoja kitu cha mwenzake, na mimi nikijisifu kwa watu kwamba huo ndio ufundi wako, kwamba unaacha kila kitu mlangoni unapoingia kwa mtu mpya.

Ndiyo maana nilipoona kitu kimoja kwa watu watatu, niliogopa.

Wa kwanza ni yule padri, mwaka wake wa mwisho kwenye tamthilia. Umekaa kwenye benchi la kanisani unamsikiliza mwanamke anayekuungamia, na mkono wako wa kushoto uko juu ya paja. Kidole gumba kinakisugua kidole cha shahada, polepole, kinazunguka, kinazunguka. Nikasema ni rozari. Nikasogea karibu na kioo. Rozari haikuwepo.

Wa pili ni wakili, katika ile filamu ya mauaji ya bandarini. Wakili yule haachi mkoba wake. Amesimama anao, amekaa anao, anamuuliza shahidi maswali mkoba uko mkono wa kushoto, ameukamata kwa nguvu mpaka vifundo vimekuwa vyeupe. Wakili gani anakaa chini na mkoba mkononi? Na wewe uliyezoea kuzungumza kwa mikono miwili, mpaka marehemu Baba akikuambia uikalie!

Wa tatu ni babu fundi saa, wa filamu hii mpya. Karibu muda wote mkono wa kushoto uko mfukoni. Anafungua mlango, mkono mfukoni. Anambusu mjukuu wake, mkono mfukoni. Na zile picha za karibu, saa imefunguliwa na vidole vinashika vile vyuma vidogo vidogo, zile si zako. Usiniambie ni zako. Mkono wako wa kushoto una kovu la pasi ya mkaa, pale chini ya kidole gumba, uliloungua siku ya Idi nyumbani Buyenzi, Bujumbura, kwa kunyang'anyana pasi na mimi. Mkono wa kwenye picha ile hauna kovu, na kucha zake ni za kijana. Wamekutafutia mtu wa kukukopesha mikono, Kaka, nawe ni mwigizaji. Kwa nini?

Nikatafuta watu wanasemaje. Huko kwenu kila mtu anaandika maoni yake, nami nikakaa nikasoma. Wengi hawakukutaja, ni kawaida yao. Lakini mmoja alimkumbuka padri. Alisema hajapata kuona uigizaji mdogo ulio mkubwa kama kile kidole, kwamba bila ya rozari yoyote umewaonyesha sala isiyokatika. Watu chungu nzima wakamuunga mkono. Nikaizima simu.

Kwa sababu maneno hayo nimeshayasikia, tena nyumbani kwetu.

Wewe hukuwepo Baba alipoanza. Tulikuambia kwenye simu kwamba ni uzee, ukaja matangani ukapewa mkono wa pole, na hakuna aliyekaa nawe akakueleza ilivyokuwa. Sikulaumu, na sisi hatukuwa na la kujisifia. Basi nikueleze sasa. Ilianza kwa kidole gumba. Baba anakaa barazani Sib baada ya Alasiri, kidole gumba kinasugua kidole cha shahada, polepole, kinazunguka. Hana tasbihi. Sisi tukasema, mashallah, Baba hasahau dhikri. Wageni wakawa wanamsifu. Shekhe mmoja alikuja kumtembelea akawaambia vijana, mtazameni mzee huyu, ulimi umetulia na mkono unamkumbuka Mola wake. Mama akawa anawakanya watoto wasipige kelele Baba akiwa katika dhikri yake. Na Baba mwenyewe hakusema kitu. Mimi nadhani alijua, na aliona haya kuwavunjia watu furaha yao.

Mkono wenyewe ulikuwa wa kushoto, Kaka. Sote tunajua tasbihi watu wanahesabu kwa kulia. Tunakula kwa kulia, tunasalimiana kwa kulia, mkono wa kushoto tumeuweka pembeni na hakuna anayeutazama. Nyumba nzima, na shekhe juu yake, hapana mtu aliyejiuliza kwa nini dhikri iwe kushoto. Mpaka siku alipomwagikiwa na kahawa ya moto kifuani ndipo tukampeleka kwa daktari, na daktari akasema ni ule ugonjwa wa kutetemeka, akatuuliza kwa upole, mlikuwa wapi? Zilikuwepo dawa za kumsaidia mapema. Zisingemponya, lakini zingempa miaka ya kufunga vifungo vyake mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga vifungo. Kila asubuhi alikuwa anatazama dari.

Sasa unajua kwa nini naogopa. Naogopa wanapokusifu. Naogopa kwamba huko umezungukwa na watu wanaosema ufundi huo, ufundi huo, na wewe unanyamaza kama Baba alivyonyamaza. Naogopa ile ghorofa yako ya nne isiyo na lifti, tangu wifi Solange atutoke uko peke yako, na sufuria la maji ya moto nani analiinua? Nikipita jikoni nikiona birika linachemka nakufikiria, nalizima jiko, Hamood ananiuliza nina nini, namwambia sukari imeshuka.

Na zaidi ya yote naogopa simu yako. Tangu Ramadhani hutaki tuonane kwa picha. Unaleta sauti tu, nzuri, yenye kicheko, na unasema kamera ya simu imeharibika. Mwigizaji, kamera imemharibikia! Reem mwenyewe alisema, "Bibi, si anunue nyengine?" Nikamwambia anyamaze ale.

Nilichofanya mimi ni kumficha Mama. Macho yake yalipokuwa na ukungu haikuwa kazi. Padri hakumuona vizuri, wakili alimuona kama kivuli. Lakini baada ya kupasuliwa akawa anadai filamu mpya kila siku. Nikamwambia mtandao umeharibika. Nikamwambia bado haijafika Oman. Nikamwambia Ijumaa, kisha Ijumaa nyengine. Mimi nilikuwa nimeshaitazama peke yangu, najua fundi saa anakufa mwisho, kwenye kiti chake, na nilishatunga nitakavyomwambia Mama kwamba kaenda kumtembelea dada yake mji mwengine.

Ijumaa iliyopita, tumetoka kula, mimi nipo jikoni natoa kahawa, nikasikia muziki. Hamood, kwa roho yake nzuri, alikuwa amemuwekea Mama filamu kwenye ile televisheni kubwa kama mlango. Nikatoka mbio na dele la kahawa mkononi. Nikasema mtandao mbovu. Hamood akasema, "La, mbona inafanya kazi, shufi, tazama, safi kabisa!" Na wewe ukaingia, umevaa kofia ya sufu, na Mama akasema "Marahaba, mwanangu," kama anavyosema kila unapotokea, kwa sababu anaamini kabisa kwamba umemuamkia.

Basi nikakaa, nikafasiri. Nilifasiri vibaya, Kaka. Sauti haikutoka sawa. Mama hakuniuliza kitu, na yeye kwa kawaida anauliza kila kitu, huyu nani, yule kala nini. Alikaa mbele kabisa ya kochi, mikono juu ya magoti, anakutazama.

Unalijua lile tukio la mezani. Mjukuu anakupa gilasi ya maji, mkono wa kulia umeshika barua, na wewe unasahau. Nafikiri ulisahau kweli, au mwongozaji alipenda akaiacha. Mkono wa kushoto unatoka mfukoni kuipokea gilasi. Unatetemeka. Kidole gumba kinazunguka.

Mama akasema, "Hamood, mwanangu, simamisha hapo."

Hamood akabonyeza rimoti. Picha ikasimama mkono wako ukiwa juu ya meza, umetulia tuli, gilasi iko mbele yake kidogo.

Nikaanza kusema kwamba huyu fundi saa ni mgonjwa, ndivyo hadithi ilivyo, Kaka Thabit anaigiza tu. Mama hakunigeukia. "Na yule wakili naye mgonjwa?" akaniuliza. "Na kadhi wako wa kijijini naye? Macho yangu yalikuwa maziwa matupu, nikasema labda nnaona vibaya. Sasa nnaona. Huo mkono wa baba yenu huo." Halafu akasema, "Na kadhi gani anavaa msalaba, Khole? Umenifanya mtoto mdogo." Hamood alicheka kidogo, kisha akaniona uso, akaiweka rimoti chini.

Mimi miezi yote hii nilikuwa naogopa moyo wake. Nilidhani akijua ataanguka pale pale. Hakuanguka. Alikaa anautazama ule mkono muda mrefu, midomo inasema kitu ambacho sikukisikia. Kisha akaniuliza, "Mwisho wake anakufa, siyo?"

 Hadithi yangu ya dada wa mji mwengine ilinikauka mdomoni.

"Kila siku unanambia kasafiri," akasema. "Nikikuacha, maana nlikuwa nnaona unajitaabisha kwa ajili yangu. Leo sitaki. Khalas, hatuendelezi. Mwacheni hapo hapo mpaka aje mwenyewe."

Nikadhani ni maneno ya siku ile. Kaka, leo ni Jumatano na bado uko pale. Televisheni ikijizima yenyewe, Mama anamwamsha Hamood kwenye usingizi wake wa mchana airudishe mahali pale pale, wala si mbele kidogo wala nyuma kidogo, mkono umetulia na gilasi haijashikwa. Hamood alikwenda Sib kwa dada Sabah kutazama mpira. Reem amenuna kwa katuni zake, kisha akakaa chini mbele yako akakuchora. Wageni wanakuja kunywa kahawa, wanakuona umejaa ukuta mzima, wanauliza huyu nani. Mama anawajibu, "Mwanangu. Anakuja." Hasemi zaidi ya hapo. Anaongeza kahawa.

Hukuniambia kama unakuja. Mimi nimekaa pale nasikia akiwaambia watu anakuja. Zamani kama hungekuja ningemtungia kitu, filamu imechelewa, ndege imejaa, theluji. Sasa sina cha kumtungia. Anaona kila kitu.

Nimemuuliza daktari mmoja hapa, jirani yetu, bila ya kukutaja. Ameniambia si lazima mtoto arithi ugonjwa wa mzazi, na si kila mkono unaotetemeka ni ugonjwa huo. Akaniambia pia kwamba akiwa nao, asingoje. Ikiwa umeshakwenda kwa daktari na dawa unazo, niambie, nitalia kidogo kisha nitalala. Ikiwa hujakwenda, nenda kabla Wael hajarudi, naye atakusindikiza, nimeshamwambia ana siku zake za ziada. Ikiwa huna kitu, ikiwa ni ufundi kweli, basi nipigie kwa picha, uweke mkono juu ya meza, unicheke mpaka uchoke. Nitafurahi sana kuwa mjinga.

Na kama unaogopa, sema unaogopa. Watu wote hao uliokuwa, sikumbuki hata mmoja aliyepewa nafasi ya kusema anaogopa. Polisi wako hakusema, mfalme wako alipewa sentensi moja tu. Hapa nyumbani utakuwa na maneno mengi utakavyo, na mimi sitamfasiria mtu.

Wael anakuletea halua ya Sib, ile ya zafarani, ubani, na bizari ya pilau niliyoisaga mwenyewe. Mifuko nimeifunga kwa fundo jepesi. Utanielewa.

Dada Sabah anakusalimu, naye hajui kitu, anadhani televisheni imeharibika. Hamood anakusalimu, na amekitilia kitanda cha chumba cha chini godoro jipya, bila ya mimi kumwambia. Jamaa yetu Ghaith wa Qurayyat anakusalimu na anasema nguru wa mwaka huu ni wanene, uje ule. Reem anakungurumia. Ukizuru kaburi la wifi Solange mwambie tunamuombea.

Allah akuhifadhi unapopanda ngazi na unaposhuka, akutulize, akurudishe kwetu ukiwa na afya yako na akili yako, na kama afya ina upungufu basi atupe sisi mikono ya kukusaidia. Amin.

Nilimuuliza Mama jana kama ana salamu zako. Alisema salamu hakutumii, utazipokea hapa. Ana ombi moja tu, kwamba ukiingia mlangoni kumbusu mkono, usitie wa kushoto mfukoni. Anataka umpe huo.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda, na leo ninayekuogopea kuliko siku zote,

Khole